Kioo Kizima, Buti Tupu: Fimbo za Sangara Zilivyotoka Garini Kampala

Gari ni Toyota Harrier ya umbo la pili, ile ambayo watu wa Kampala wameibatiza kawundo. Mwenyewe ni mvuvi wa kujifurahisha, mmoja wa wale wanaolipia kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ili wakarushe ndoana chini ya maporomoko ya Murchison. Jumamosi asubuhi, safari ya Paraa ikiwa imeiva, aliegesha katikati ya jiji akaenda soko la Nakasero kununua vyakula vya njiani. Aliporudi, buti lilikuwa limepungukiwa mfuko mrefu wenye fimbo mbili za kuvulia, rili mbili za kukunjia mshipi, na sanduku la chambo bandia.

Vilivyobaki vina maana kuliko vilivyoondoka. Jeki ilikuwepo. Kreti ya soda ilikuwepo. Miwani ya jua ilikuwa pale pale juu ya dashibodi, na waya wa kuchajia simu ulikuwa bado unaning'inia. Hakuna kioo kilichovunjika, hakuna mlango uliopindwa, na king'ora hakikulia. Mlinzi wa maegesho alisema hakuona kibaka yeyote, na huenda alisema kweli: alichokiona ni mtu anayefungua buti la gari, anatoa mzigo, anafunga, anaondoka. Huo si wizi machoni pa mtu yeyote.

Swali la safu hii ni moja: alifunguaje?

Tuanze na njia ya fujo. Vioo vya pembeni vya gari hukazwa kwa joto kiwandani, uso wa nje ukabanwa huku tumbo la kioo likibaki linavutana. Ndiyo maana hustahimili kofi na hata ngumi, lakini kikipata jeraha dogo lenye ncha kali, mvutano wote hujiachia mara moja na dirisha zima huwa punje. Wezi wanalijua hilo. Kipande cha kauri ya plagi, ambayo ni alumina na ni ngumu kuliko kioo, hutosha kulimaliza dirisha bila kishindo kikubwa. Ila njia hii haifichiki. Punje hujaa kwenye kiti, kwenye mfereji wa mlango na chini ya gari, na utaendelea kuziokota mwezi mzima. Hapa hapakuwa na hata moja. Njia ya kwanza imefutika.

Ya pili ni kabari na waya. Mwizi hutanua kona ya juu ya mlango, hupenyeza waya, akabonyeza kitufe cha ndani. Kazi hiyo huacha mpira wa mlango ukiwa umechanika au umelala vibaya, na mara nyingi rangi hubanduka kwenye fremu. Milango yote minne ilikaguliwa kwa tochi. Mpira ulikuwa umelala sawasawa, na vumbi juu yake lilikuwa limetandaa bila alama ya kidole.

Ya tatu ni ufunguo wa kuchonga au uliolika. Magari yaliyotumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kushushwa Mombasa na kupandishwa Kampala huwa na loki zilizolegea, na kuna mafundi mitaani wanaoweza kuzifungua kwa chochote kinachoingia. Dhana hii ilistahili kupimwa, na tundu la ufunguo lenyewe ndilo lililotoa jibu. Kwa miaka yote mwenye gari ametumia rimoti tu. Tundu la mlango wa dereva lilikuwa limejaa vumbi jekundu lililoganda, na alipojaribu kuingiza ufunguo wake mwenyewe uligoma katikati. Haiwezekani mtu apitishe chuma pale asubuhi ile, aache vumbi likiwa zima.

Ya nne ndiyo inayotisha watu siku hizi: kurefusha mawimbi ya ufunguo wa kisasa. Gari lenye ufunguo usiobonyezwa hutuma mawimbi ya masafa ya chini yanayofika hatua chache tu. Ufunguo ukiyasikia, hujibu, na mlango hufunguka. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walionesha kwamba wakiweka kifaa kimoja karibu na gari na kingine karibu na mwenye ufunguo, gari hudanganyika likadhani mwenyewe amefika. Walijaribu magari 10 ya kampuni 8, yote yakafunguka. Lakini ufundi huo unahitaji ufunguo unaojibu wenyewe. Harrier hii ina rimoti ya kubonyeza, ambayo hukaa kimya mpaka kidole kiiguse. Hakuna cha kurefusha.

Ya tano ni kunakili msimbo wa rimoti. Zamani rimoti zilitamka neno lile lile kila siku, na aliyelirekodi aliweza kulirudia. Zilizofuata hubadilisha msimbo kila unapobonyeza, hivyo wa jana haufui dafu leo. Mtaalamu wa Marekani Samy Kamkar alionesha mwaka 2015, kwenye mkutano wa DEF CON mjini Las Vegas, kifaa cha bei ndogo kinachozuia msimbo usifike garini huku kikiuhifadhi kwa matumizi ya baadaye. Inawezekana, basi. Ila yeyote anayefuata mzigo wa buti hana haja ya kuhangaika hivyo, maana nusu ya kwanza ya ufundi huo, ile ya kuzuia, inamtosha kabisa.

Hapo ndipo dhana iliyobaki inapojitokeza. Hakuna aliyelifungua gari hili, kwa sababu halikufungwa.

Rimoti ya gari ni kituo kidogo cha redio kinachokula betri ya ukubwa wa kifungo cha shati. Magari ya soko la Japani husikiliza karibu na megahazi 312 hadi 315. Ya Ulaya husikiliza zaidi kwenye 433.92. Hayo ni masafa yale yale ya rimoti za mageti, kengele za milango na vikorokoro vingine vya bei poa. Mtu akishikilia kitufe cha kifaa chochote kinachorusha mawimbi ya masafa hayo wakati wewe unabonyeza chako, kipokezi cha gari husikia mchanganyiko kisiweze kuchambua lipi ni lipi. Ni sawa na kumnong'oneza mtu katikati ya Old Taxi Park wapiga debe wakiwa kazini. Ujumbe wako umetoka, ila haujafika. Gari halijui kama umebonyeza, na wewe hujui kama halikusikia.

Kwa nini hujui? Kwa sababu ya jinsi tunavyoegesha. Toyota ikifunga kwa rimoti huwasha indiketa mara moja. Ikifungua, mara mbili. Mlio wa loki kushuka ni "tak" nyepesi. Katikati ya Kampala, bodaboda zikipiga honi na jenereta zikinguruma, mlio huo hausikiki, na ile indiketa humulika mgongoni mwako kwa sababu tayari unatembea. Kidole kimebonyeza kwa mazoea, akili imeridhika. Na ukirudi, mambo hujificha tena: unabonyeza kufungua, indiketa inamulika mara mbili, unaamini ulikuwa umefunga. Safari hii siri ilifichuka kwa sababu tu mwenyewe alikuwa na mifuko mikononi, akaenda moja kwa moja kwenye buti, akavuta kabla ya kubonyeza. Likafunguka.

Mchambuzi mwaminifu lazima aongeze dhana pacha. Huenda hakukuwa na mzuia mawimbi yeyote. Betri ya rimoti iliyochoka hutoa matokeo yale yale: ukiwa umegusa mlango inafunga, ukiwa hatua kumi haifungi. Baada ya hapo panahitajika kibaka mmoja tu, asiye na kifaa chochote, anayepita kati ya magari akigusa kitasa kimoja baada ya kingine kama mtu anayetafuta gari lake. Rimoti ya Harrier ilipopimwa baadaye kwenye uwanja mtupu ilifanya kazi kutoka mbali bila shida, na hilo linasukuma mizani upande wa mzuia mawimbi. Hata hivyo, kwa mwenye gari tofauti ni ndogo. Njia zote mbili zinapita kwenye mlango mmoja, nao haukufungwa.

Sasa tuulize kwa nini gari hili, kati ya yote yaliyojipanga pale. Fimbo ya kuvulia sangara iliyogawanyika vipande viwili bado ina urefu wa zaidi ya mita moja kila kipande. Ili iingie, mwenyewe alikuwa amekunja kiti cha nyuma na kuondoa lile pazia linalofunika buti. Ncha ya mfuko ilichungulia kati ya viti vya mbele. Kwa apitaye, mfuko mweusi mrefu wa namna ile unaweza kuwa stendi ya kamera, ala ya muziki, hata bunduki ya mwindaji. Mwizi hakuhitaji kujua ni nini. Alihitaji kujua kwamba ni ghali na kwamba unabebeka kwa mkono mmoja. Miwani iliyoachwa inathibitisha kwamba hakuingia ndani kabisa. Alikwenda kwenye buti, akachukua alichokiona tangu nje.

Na hapo alikosea biashara. Wizi wa magari Kampala unaishi kwa sababu kuna mnunuzi. Saiti mira na taa hupata soko haraka, kwani magari ya aina moja ni maelfu. Ndiyo maana madereva wa Kampala, kama wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam, huchonga namba ya gari juu ya vioo na taa. Ziwani nako mali ina soko: injini ya mashua na nyavu hunyang'anywa kwenye Ziwa Victoria kwa sababu kila mwalo una mteja wake, na mvuvi wa Ggaba au Kasenyi asiye na pa kufungia injini yake huibeba begani jioni akalale nayo. Lakini rili ya michezo? Anayevua sangara kwa riziki anatumia nyavu au kamba ndefu yenye ndoana nyingi. Rili inayokunja mshipi kwa gia haimfai kitu. Wanaoijua thamani yake ni wachache: waongoza wageni wa Murchison na Jinja, na wavuvi wa wikendi wa Entebbe na Kampala, ambao wengi wao wanafahamiana.

Soko dogo namna hiyo ndilo tumaini kubwa la aliyeibiwa, kama ana ushahidi. Rili nyingi nzuri huwa na namba iliyopigwa kwenye mguu au chini yake, mahali pasipoonekana ikishafungwa kwenye fimbo. Mwenye namba hizo huenda polisi, akafungua taarifa, akapewa namba ya kitabu cha matukio, ile inayoitwa SD kwa kifupi, kisha akasambaza picha na namba kwa waongoza wageni na mafundi. Fimbo yenye rili ya namba inayojulikana ikitokea kwa mtu, mtu huyo ana la kujieleza, maana kupokea mali ya wizi ni kosa kama wizi wenyewe. Asiye na namba anabaki na maelezo: "nyeusi, ina mstari wa dhahabu." Fimbo nyeusi zenye mstari wa dhahabu zimejaa duniani. Wahenga walishamaliza hili: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kamera nazo tusizipe kazi zisizo zao. Mfumo wa kamera za polisi uliojengwa na Huawei kuanzia 2018 kwa dola milioni 126 ulifuata mauaji ya watu mashuhuri barabarani, na kamera zake zimeelekezwa kwenye njia na makutano. Zinaweza kuonesha bodaboda iliyotoka na mfuko mrefu mabegani, kama utatoa saa kamili mapema. Hazioni kati ya magari mawili ndani ya uwanja wa maegesho. Bima nayo, hata ile kubwa, kwa kawaida hulinda gari na vilivyofungwa garini. Fimbo ya kuvulia haimo mpaka uitaje na kuilipia.

Kinga, basi, inafuata mpangilio wa wizi wenyewe. Kwanza, funga ukiwa umesimama mlangoni na uvute kitasa kwa mkono, kisha uvute na buti. Ukibonyeza mara mbili na bado mlango unafunguka, funga kwa ufunguo wa chuma, ambao hauzuiliki kwa mawimbi yoyote. Na kwa sababu hiyo safisha tundu lake leo, lisije likagoma siku hiyo. Ikiwa rimoti iliyofanya kazi nyumbani imekataa hapa, ondoa gari, tafuta pengine, na mwambie mlinzi. Badilisha betri kabla haijachoka. Mzigo wa safari upakie nyumbani na uufunike. Ukipakia au kupanga upya ukiwa maegeshoni, umeshaonesha bidhaa. Andika namba za rili, zipige picha, na nunua fimbo ya safari inayogawanyika vipande vinne, ambayo hulala chini ya pazia la buti bila kuchungulia.

Baada ya kisa kama hiki, fundi wa king'ora hakosekani, na atakushawishi ununue mfumo mpya wenye rimoti mbili zinazong'aa. Mwulize jambo moja: je, gari litajifunga lenyewe nikisahau, na litapiga mlio likishajifunga? Kama jibu ni ndiyo, kuna cha kujadili bei. Kama jibu ni hapana, mfumo huo nao unasubiri ujumbe wa redio kama ule wa zamani, na aliyeziba wa kwanza ataziba na wa pili kwa kifaa kile kile.