Kofia na kamera hazimfanyi sungura mtalii

Nimesoma mswada wa hadithi ya watoto kutoka Makueni. Mhusika wake ni sungura wa Wote anayefunga safari hadi Giza, Misri, kutalii Sfinksi, lile sanamu la mawe la takribani miaka 4,500 lenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Sungura amevaa kofia, kamera shingoni. Anapiga picha, anashangaa, anarudi nyumbani. Basi.

Wazo linachekesha, na watoto wanahitaji kucheka. Hata hivyo, hadithi inapwaya. Mwandishi wa Kiingereza akichagua kiwakilishi cha mtu badala ya kile cha kitu, tayari amempa mnyama utu. Kiswahili hakina njia hiyo ya mkato. Sungura amekuja, mwalimu amekuja: kiambishi ni a- kile kile, sungura awe wa hadithini au wa mchuzini. Kwa kuwa sarufi imeutoa utu huo bure, mwandishi hana budi kumjenga mhusika kwa mwenendo wake.

Wasimulizi wa Kikamba walilijua hili. Kinyonga alitumwa na Mulungu awaambie watu kwamba wakifa watafufuka. Akafika, akagugumia, ndege akamkata kauli na kutangaza kwamba wakifa, ndiyo mwisho. Mwondoe kinyonga umweke swara, hadithi inakufa papo hapo. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya ngano za Wakamba katika Akamba Stories (1966). Mwandishi wetu angeanzia humo.

Sasa mwondoe sungura wa Wote umweke mjomba yeyote mwenye pasipoti. Hakuna kinachobadilika! Amesimama mbele ya simba mwenye urefu wa zaidi ya mita 70, na masikio yake hata hayajasimama. Mtoto wa Makueni aliyewahi kumfukuza sungura kwenye kunde atauliza: huyu ni sungura gani?

Ningependa mwandishi amjaribu kwanza nyumbani. Ampeleke Kitui, kwenye Jabali la Nzambani, ambalo wenyeji husema ukilizunguka mara 7 unabadilika jinsia. Hapo sasa! Sungura ataanza dume, amalize jike, na a- isitikisike hata kidogo. Itabidi mwandishi atuonyeshe kilichobadilika. Au ampandishe Nzaui, huko huko Makueni, ambako masimulizi yanasema Mulungu aliwateremsha watu wa kwanza na nyayo zao zikabaki mwambani. Sungura, ambaye uhai wake hutegemea kujua nani amepita wapi, angezinusa nyayo hizo kabla ya kugusa kamera.

Tusisahau pia kwamba kutalii kuna undugu na mtalaa. Ni kuchunguza kwa makini, kama asomaye. Mswada usitupwe, mwandishi auandike upya, na safari hii sungura achunguze kwa pua na masikio yake mwenyewe.