Mikono Mingi, Nafsi Moja: Mwokozi wa Wanyama kama Msimulizi katika Maandishi ya Kenya

Utangulizi

Ngano zimemzoesha msomaji wa Kiswahili kumtazama mnyama kama kinyago cha binadamu. Sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, simba ni mtawala. Wala hakuna anayeuliza sungura yule alizaliwa lini au alilala wapi. Katika karne ya 20 ulizuka nchini Kenya utanzu mwingine, ulioandikwa kwa Kiingereza, ambamo mnyama ana jina, tarehe na wasifu: aliokotwa akiwa yatima, akalelewa nyumbani, kisha akarejeshwa mwituni. Anayemsimulia ndiye aliyemwokoa. Utanzu huu umesomwa mno ulimwenguni, lakini haujashughulikiwa vya kutosha katika uhakiki wa Kiswahili.

Makala haya yanadai kwamba ndani ya utanzu huu mna mgongano kati ya fani na maudhui. Fani, yaani kumbukumbu inayosimuliwa katika nafsi ya kwanza, hudai mtu mmoja anayependa na kupendwa. Maudhui, yaani kazi yenyewe ya kuokoa, hudai mikono mingi. Mgongano huo unafuatiliwa hapa katika vitabu vya waandishi watatu: Elspeth Huxley, Joy Adamson na Daphne Sheldrick.

Paa wa Thika

Msomaji aishiye Membley, kwenye viunga vya Ruiru, yumo katika ukanda ule ule ambao fasihi ya walowezi iliufanya maarufu. Kitabu cha Huxley, The Flame Trees of Thika (1959), kinarejea utoto wake katika shamba la kahawa la wazazi wake, miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtoto huyo anafuga paa aitwaye Twinkle. Kabla ya Huxley, Karen Blixen alikuwa amekwisha kuandika, katika Out of Africa (1937), juu ya mbawala aliyemwita Lulu, jina alilolichota katika Kiswahili. Katika visa hivi viwili umbo la utanzu linaonekana waziwazi: mnyama hukaa mpakani mwa nyumba na mwitu, naye msimulizi hukabiliwa na swali la kumzuia au kumwachilia.

Kwa Huxley swali hilo limewekwa katika macho ya mtoto. Mbinu hii ina manufaa ya kisanaa, kwa kuwa mtoto huona mengi asiyoweza kuyaeleza. Ina hasara pia. Mtoto haulizi shamba lilipatikanaje, wala paa alikuwa wa nani kabla ya kuwa wake. Uokozi unaanza pale tu mnyama anapoingia mikononi mwa msimulizi. Yaliyotangulia hayana historia.

Elsa na Nuru

Mwaka mmoja baadaye Joy Adamson alichapisha Born Free (1960). Kisa chake chajulikana. Mnamo Februari 1956, George Adamson, mhifadhi wa wanyamapori, alimuua simba jike aliyemshambulia, akarudi na watoto watatu wa simba huyo. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alilelewa na kufunzwa kuwinda ili aweze kuishi mwenyewe. Yafaa isisahaulike kwamba uokozi huu ulianza kwa risasi ya nyumba ile ile iliyookoa, na kitabu hakilifichi jambo hilo.

Ni rahisi kwa mhakiki kusema kwamba katika vitabu vya aina hii mnyama hupewa jina ilhali mfanyakazi Mwafrika hubaki bila jina. Ngũgĩ wa Thiong'o alimshutumu Blixen vikali katika Detained (1981), na shutuma zake zina uzito. Hata hivyo, kwa Born Free dai hilo halitoshi. Wafanyakazi wanatajwa: yupo Nuru, mtunza bustani aliyekabidhiwa ulezi wa watoto wa simba, yupo Makedde, askari wa wanyamapori. Upungufu hauko katika majina, uko katika undani. Elsa anaponuna, anapoona wivu au anapofurahi, msimulizi hufasiri ukimya wake kwa makini na kwa wema. Nuru, ambaye angeweza kusema, ni nadra kufasiriwa. Msomaji anajua alilofanya. Alilofikiri juu ya simba anayelala kitandani hajui.

Hapa ndipo utanzu huu unapoachana kabisa na ngano. Katika ngano mnyama husema ili binadamu ajitambue. Katika kumbukumbu za mwokozi mnyama hasemi, na binadamu mmoja tu ndiye anayemsemea.

Kifo cha Aisha

Daphne Sheldrick, aliyezaliwa Kenya mwaka 1934 na kufariki mwaka 2018, alianza kuandika juu ya yatima wa Tsavo katika miaka ya 1960. Kumbukumbu zake, Love, Life and Elephants (2012), zina kisa ambacho kinautikisa utanzu mzima. Kwa miaka mingi watoto wa tembo wanaonyonya walikuwa wakifa kwa kukosa maziwa yanayowafaa. Mwaka 1974, baada ya majaribio mengi, mafuta ya nazi yaliyochanganywa katika maziwa yalimwezesha kumlea Aisha kwa miezi kadhaa. Kisha mlezi akasafiri kwenda kwenye arusi ya bintiye. Aisha, aliyekuwa amemzoea yeye peke yake, akakataa kula, akafa.

Funzo lililotokana na msiba huo ni la kiutendaji: katika kituo cha Nairobi, tembo yatima hulelewa na kundi la walezi wanaopokezana, hata wakati wa kulala usiku. Kwa lugha ya uhakiki, funzo hilo ni zito zaidi. Mapenzi ya mtu mmoja, yaliyokuwa kiini cha utanzu tangu Lulu hadi Elsa, ndiyo yaliyoua. Sheldrick anastahili sifa kwa kulikiri hilo katika maandishi. Lakini baada ya kukiri, usimulizi unaendelea katika nafsi ile ile moja, kwa sababu kumbukumbu haina umbo jingine. Kitalu kimejifunza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kitabu hakijajifunza.

Hitimisho

Haifai kumlaumu mwandishi kwa kuandika maisha yake mwenyewe. Linalodaiwa ni utanzu uliokomaa zaidi: masimulizi yenye sauti nyingi, ambamo mlezi wa usiku naye ni msimulizi. Kiswahili, ambacho mara nyingi ndicho lugha ya walezi hao wanaposemezana na kuwasemesha wanyama, kina nafasi ya pekee hapa. Wala mada si lazima iwe tembo. Katika mitaa kama Membley, palipojengwa nyumba katika nchi iliyojulikana kwa kahawa, mbwa aliye langoni mara nyingi hulishwa na bawabu, wala si na mwenye nyumba. Mbwa humjua anayemlisha. Fasihi bado haijamjua.