Moto Usiohifadhika: Uhakiki wa Kibanda cha Mwaka Kogwa

Maelezo mengi kuhusu sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, huanzia na kuishia kwenye asili yake. Hutajwa Nairuzi, hutajwa visakale vya wahamiaji kutoka Shirazi, kisha moto wa siku hiyo huchukuliwa kuwa masalia ya Uajemi. Mkabala huo unaeleza moto ulikotoka, lakini hauelezi unachokifanya.

Sherehe hii ikitazamwa kama utendaji, mpangilio wake unajieleza. Kwanza wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba ili kumaliza chuki za mwaka uliopita, huku wanawake wakiimba. Baadaye kibanda cha makuti huchomwa moto. Aliyeingia ndani hutoka salama, na mwelekeo wa moshi husomwa kama ubashiri wa mwaka mpya. Jina lenyewe linatokana na kitenzi koga. Kwa hiyo moto hapa haukumbushi tu jambo la kale, bali unaufunga mwaka: ugomvi hauwezi kuvuka kwenda mwaka unaofuata.

Ulinganisho na Iringa unaifafanua hoja hii. Baada ya Wajerumani kuiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, Mtwa Mkwawa aliendelea kupambana hadi alipojiua kwa risasi mwaka 1898. Fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954 na limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Huko kisakale kimeegemea kitu: mgeni huoneshwa fuvu, kisha husimuliwa. Makunduchi hakuna cha kuoneshwa, kwani kibanda cha mwaka jana ni majivu. Kumbukumbu hudumu kwa sababu kibanda hakidumu; kila mwaka lazima wapatikane wa kukijenga, wa kukiwasha na wa kuusoma moshi wake.

Tofauti hii ina uzito katika mijadala ya uhifadhi wa urithi. Kipimo kinachoifaa Kalenga, yaani usalama wa kitu, hakiifai Makunduchi. Wala tatizo si kuwapo kwa wageni, kwa kuwa mila yenyewe inahimiza kila nyumba kumkaribisha mgeni siku hiyo. Tatizo ni kuihesabu sherehe kuwa imehifadhiwa kwa sababu tu moto umewaka na picha zimepigwa. Kibanda kinaweza kuteketea mbele ya umati ilhali waliogombana wanarudi makwao na kinyongo kilekile. Hapo umbo litakuwa limebaki, na kazi yake imetoweka.

Hivyo basi, mtafiti wa Mwaka Kogwa hana budi kuuliza swali jingine kabla ya lile la asili: baada ya majivu kupoa, nani na nani wamepatana?