Kasi, Pande Tatu na Kioo: Maneno ya Upigaji Picha za Wadudu

Umepita mikononi mwangu mswada wa tafsiri ya kijitabu cha mafundi, ueleza​o jinsi mtu anavyoweza kujiundia chombo cha kubebeka cha kupigia picha za wadudu warukao. Picha hizo zina sifa tatu kwa pamoja: mdudu huonekana kwa ukubwa wake halisi au zaidi, bawa lake huonekana limetulia ingawa linapiga mara mamia kwa sekunde, na picha zenyewe huwa mbili, moja ya jicho la kulia na moja ya jicho la kushoto, ili mtazamaji aone umbo la mdudu limejitokeza. Kiswahili cha mswada ni fasaha, na sarufi yake haina kasoro ya kutajwa. Kasoro imo katika istilahi, nayo ni ya namna ambayo fundi akifuata maelezo neno kwa neno atapoteza fedha zake, na mahali pamoja aweza kupoteza zaidi ya fedha.

Tuanze na neno kasi. Mfasiri ameziita hizi "picha za kasi", kisha akalitandaza neno hilo kila mahali: kasi ya kilango, kasi ya filamu, kasi ya lenzi, kasi ya mmweko. Waingereza hutumia neno lao moja kwa mambo hayo yote, na huelewana kwa mazoea. Sisi hatuna mazoea hayo, wala hatuna haja ya kuyaagiza. Katika picha hizi hakuna kiendacho kasi ila mdudu. Mdudu arukaye mita 3 kwa sekunde husogea milimita 3 katika 1/1000 ya sekunde. Na picha ikiwa na ukubwa sawa na kitu, hizo ni milimita 3 za ukungu juu ya fremu ya filamu yenye upana wa milimita 36. Mmweko wa 1/25000 ya sekunde humwacha asogee milimita 0.12 tu. Kwa hiyo kinachomtuliza mdudu ni ufupi wa nuru. Kilango cha kamera, yaani pazia lifungukalo kupitisha nuru, chaweza kukaa wazi muda mrefu zaidi, maadamu nuru nyingine ni hafifu. Hilo ndilo alilolionyesha Harold Edgerton wa Massachusetts Institute of Technology tangu miaka ya 1930, na ndilo alilolipeleka kwa wadudu Mwingereza Stephen Dalton, ambaye kitabu chake cha wadudu warukao kilitoka mwaka 1975. Fundi atakayesoma "picha za kasi" atakwenda dukani kutafuta kamera ya bei kubwa yenye kilango chepesi, alhali anachohitaji ni flashi mbili tatu za kawaida zilizopunguzwa nguvu, kwa kuwa flashi nyingi za kisasa zikipunguzwa nguvu hufupisha mmweko wake.

Baya zaidi ni "kasi ya kuchelewa". Kamera nyingi zenye kioo cha ndani huchukua kama 1/20 ya sekunde tangu kuamriwa hadi kilango kufunguka. Katika muda huo mdudu wetu amekwisha kwenda sentimita 15, na picha itakuwa ya majani matupu. Ndiyo sababu mafundi hutega miale miwili ya nuru ipishanayo mahali mdudu anapotarajiwa, na kuweka mbele ya lenzi kilango cha pili chenye kufunguka mapema zaidi. Haya yote ni mambo ya muda. Basi tuseme muda wa mmweko, muda wa kilango, muda wa kuchelewa. Tuseme wepesi wa filamu kupokea nuru, na uwazi wa lenzi. Na picha zenyewe napendekeza ziitwe picha za mmweko mfupi. Neno kasi libaki kwa sinema zipigwazo picha maelfu kwa sekunde, ambako kweli kuna kitu kinachokwenda mbio ndani ya mashine.

La pili ni "picha za pande tatu". Najua kwamba usemi huu umeenea, hata katika matangazo ya sinema, na huenda hauondoki tena. Lakini pande tatu ni sifa ya pembetatu. Kama makusudio ni urefu, upana na kina, hivyo ni vipimo vitatu. Na hata hivyo havimo hapa. Kinyago cha mpingo kina vipimo vitatu. Picha hizi ni karatasi mbili bapa, na kina hufanyika katika ubongo wa mtazamaji. Charles Wheatstone alipolieleza jambo hili mbele ya Royal Society mjini London mwaka 1838, hakuwa na picha za kamera hata moja. Alitumia michoro miwili na vioo viwili. Jina litokane na huo uwili. Napendekeza picha pacha. Yamkini atatokea wa kupinga kwamba pacha hufanana, na picha hizi hutofautiana kidogo. Lakini aliyelea pacha anajua kwamba hawafanani kwa kila kitu, na kubwa kwao ni kuzaliwa pamoja. Katika kazi hii kuzaliwa pamoja ni sharti: mdudu arukaye hangoji kamera moja isogezwe ili apigwe mara ya pili. Wanaotaka stereoskopia walitumie neno hilo katika vitabu vya fizikia. Darubini na hadubini nazo zilitoka ugenini, kwa Waajemi, zikiwa na maana ya kionacho mbali na kionacho kidogo, na hakuna anayelalamika; ila zilifika zikiwa zimekwisha lainika ulimini.

Mfasiri ameandika pia kwamba kamera mbili ziachane "umbali wa macho". Macho ya mtu huachana kama milimita 65. Kwa kanuni ya mafundi, mitazamo miwili huachana kama 1/30 ya umbali wa kitu. Mdudu akiwa sentimita 15 mbele ya lenzi, hizo ni milimita 5. Fundi akiweka 65, pacha wake hawataungana katika jicho la mtu yeyote. Neno liwe mwachano wa mitazamo, lisilotaja macho kabisa.

Kwa kuwa kamera mbili haziwezi kukaribiana hivyo, mtambo hutumia kioo kilichopakwa fedha nusu na kulazwa nyuzi 45: kamera moja hutazama kupitia kioo, ya pili hutazama taswira iliyoakisiwa, ambayo baadaye hugeuzwa kushoto kulia. Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega, maana kioo kwetu ni kile cha dirishani na ni kile cha kujitazamia. Mswada una "kioo" mara nne katika aya moja, na sikuweza kujua ni kipi. Tuwe na kioo kipitishi, kioo kiakisi, na hiki cha tatu kioo nusu-kiakisi. Tena kiakisi kisemwe kuwa kimepakwa fedha upande wa mbele, kwani cha kawaida hupakwa nyuma na kutoa taswira mbili.

Mengine ni madogo. "Kina cha shamba" ni tafsiri sisisi inayonuka jembe. Kina cha udhahiri chatosha. "Mtambo wa kienyeji" nao ufutwe: kuku ndiye wa kienyeji, mtambo huu ni wa kujiundia.

Limebaki la ukurasa wa flashi. Ndani ya flashi mna kapasita yenye kuhifadhi umeme wa volti 300 hivi, na huendelea kuuhifadhi baada ya flashi kuzimwa na betri kutolewa. Kijitabu cha asili kinamwamuru fundi aimalize chaji kabla ya kugusa nyaya. Mfasiri ameandika: "Ondoa kapasita kabla ya kugusa nyaya." Atakayetii ataitia mkono ikiwa imejaa. Sentensi iwe: "Toa chaji yote ya kapasita kwa kupitisha umeme wake katika rezista, pima kwa voltimita uhakikishe haina umeme, ndipo uguse nyaya." Mswada usipigwe chapa kabla ya ukurasa huo kusahihishwa.