Kidole Kinachosoma

Bel-Air, katika komini yetu ya Kampemba, kuna mchongaji anayefanyia kazi nje, kwenye kivuli cha ukuta wa lupangu. Juzi nilimkuta akipachika shanga kwenye ubao mpana juu na chini, mwembamba kiunoni: lukasa. Kila ushanga anauchomeka pini, anaugonga mara moja, unakaa. Nikamuuliza ule mstari unasema nini. "Ni vile iko ku foto, papa," akanijibu, akinionyesha simu.

Simlaumu. Mkono wake ni safi, na wanunuzi wake hawaulizi lolote zaidi ya bei.

Lakini kwa Waluba wa zamani ubao huu ulisomwa. Ulikuwa mali ya Mbudye, chama kilichotunza habari za ufalme. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha kuonyeshea cha mkono wa kulia kikapita polepole juu ya shanga, kauri na michoro. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ulikuwa mfalme na watu wa baraza lake. Mstari ulikuwa njia ya safari. Kidole kilipotembea, mdomo ulifuata: Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, mwanawe Kalala Ilunga. Humo humo mlikuwa na mahali pa mizimu, vyeo vya wakubwa, hata adabu ya chakula, maana Mbidi hakukubali kula mbele za watu. Na ubao ule ule haukusomwa sawa kila siku. Msomaji alitazama nani ameketi mbele yake na wamekusanyika kwa shauri gani, ndipo akachagua pa kuanzia. Ustadi huo ndio ninaoulilia, kuliko mti wenyewe.

Mgongo wa lukasa ulichorwa mfano wa gamba la kobe, mnyama wa Mbudye. Nikiutazama nawakumbuka waaguzi wa Anyang, huko China, ambao zaidi ya miaka 3,000 iliyopita waliandika maswali ya wafalme wa Shang kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe. Mvua itanyesha? Mavuno je? Mfalme Wu Ding aliuliza habari za jino lake lililomuuma, na za uzazi wa mkewe Fu Hao. Mambo ya ibada na mambo ya nyumbani yalikaa kwenye gamba moja. Baadaye watu waliisaga mifupa hiyo kuwa dawa, mpaka mwaka 1899 mwanachuoni Wang Yirong alipoyatambua maandishi. Bahati yao, herufi zile zilikuwa na wajukuu: mwandiko wa Kichina ulikuwa hai bado.

Lukasa haina wajukuu wa namna hiyo. Nusu yake ilikuwa mdomoni mwa mtu, na mtu hufa. Mbao zenyewe zimefika kwenye makumbusho ya Tervuren na Brooklyn, zimetunzwa vizuri. Huku kwetu, mzee aliyejua kuzisoma akifa Kabongo au Malemba-Nkulu, tunachanga pesa za matanga, tunakodi viti na muziki, na katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kumwomba aketi na kijana mmoja, amshike kidole, amwonyeshe pa kuanzia.