Mcheza Kwao: Mwanachuo, Santuri na Jumamosi katika Riwaya za Ukerewe

Barabara itokayo Bunda hukoma Kisorya, kwenye maji ya Ziwa Viktoria, na msafiri aendaye Ukerewe kwa njia hiyo hana budi kungoja kivuko kimpeleke Rugezi. Pahali hapo ni padogo, wala hapatajwi sana katika vitabu vya fasihi. Walakini ng'ambo yake ndiko walikotoka Aniceti Kitereza, Gabriel Ruhumbika na Euphrase Kezilahabi, na hao ni wengi kwa kisiwa kimoja. Kijana wa kisiwa hicho aliyepata nafasi ya kwenda kusoma bara alivuka maji, na kila aliporudi likizo aliyavuka tena. Alipokwenda alichukua sanduku la nguo na maonyo ya wazazi. Aliporudi alileta vitabu, na pamoja na vitabu alileta mapenzi ya muziki ambao haukupigwa na mtu wa kwao.

Mwanachuo apendaye muziki si mgeni kwa msomaji. Ijumaa jioni, masomo yakiisha, husikiliza santuri pamoja na rafiki zake. Jumamosi mchana hufua nguo, huandika insha iliyochelewa, au hutafuta kibarua cha kumpatia fedha ya kiingilio. Usiku huenda dansini. Jumapili huamka na kichwa kizito, ana deni la usingizi na deni la kazi. Wazee husema kuwa muziki ndio uliomharibu, na wako wasomaji wanaozisoma riwaya za Kezilahabi kana kwamba ni ushahidi wa mashtaka hayo. Shauri hilo lastahili kupimwa upya, kwa kuwa hukumu ikimwangukia asiye na hatia, mwenye hatia huenda zake salama.

Yafaa kuanza na Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akamaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ya Myombekere na Bugonoka, ambayo baadaye aliitia mwenyewe katika Kiswahili. Myombekere anataka kumrudisha mkewe kutoka kwa wakwe zake, na sharti atoe pombe ya ndizi. Hapo pombe si starehe tu: ni faini, ni heshima, ni mkataba baina ya nyumba mbili. Tena ni kazi. Ndizi haziivi wala hazikamuliwi kwa mikono ya mtu mmoja. Majirani huitwa kusaidia, na kinywaji kikiwa tayari hao hao walioitwa kwa mikono yao huitwa kwa vinywa vyao. Katika ulimwengu huo haiwezekani kuchora mstari, upande huu kazi na upande huu karamu. Anayekunywa alikamua, na anayeimba anajulikana kwa jina, kwa ukoo na kwa shamba lake. Ikiwa amekunywa kupita kiasi, kesho yake wapo watu wa kumwambia.

Utaratibu kama huo haujatoweka kabisa katika mwambao wa ziwa. Mvuvi wa dagaa hutoka na taa zake usiku wa giza, kwa kuwa dagaa huifuata nuru. Mwezi ukiwa mpevu taa hushindwa na nuru ya mbinguni, na mvuvi hupumzika, hushona nyavu, hukaa na watu wake. Kwa hiyo siku ya mapumziko ya mvuvi wa Kisorya haikuandikwa katika kalenda ya ofisi. Imeandikwa mbinguni, nayo huhama: mwezi huu huangukia Jumanne, mwezi ujao Alhamisi. Jumamosi ya mwanachuo ni kitu kingine. Ililetwa na kengele ya shule na saa ya ofisi, ambazo ziliigawa juma sehemu mbili, siku za amri na siku za kufunguliwa. Aliyezoea mgawanyo huo huvuka maji akiwa na Jumamosi yake mfukoni, akafika kwao na kukuta watu wanafanya kazi siku anayotaka kucheza, na wanapumzika siku anayotaka kusoma.

Sasa msomaji aweza kumwendea Rosa. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, yaanza katika nyumba ya Zakaria kijijini Namagondo. Zakaria ni mlevi, naye hana ulinzi mwingine kwa binti zake isipokuwa fimbo na macho makali. Barua moja ya kijana yatosha kumletea Rosa kipigo. Kutoka ua wa baba Rosa aingia ua wa shule ya wasichana Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Hatua kwa hatua aingia katika dansi, pombe na wanaume, na mkuu wa chuo ambaye angekuwa mlinzi wake awa mmoja wa wanaomtumia. Atoa mimba. Ajaribu kutengenea, lakini mchumba amkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa ajiua.

Ikiwa dansi ndilo lililomwua Rosa, basi dawa ni nyepesi: zifungwe kumbi, zivunjwe santuri. Lakini mwandishi amelitia dansi katikati ya safari, hakulitia mwanzoni. Mwanzoni ipo fimbo. Zakaria alimfundisha binti yake kuogopa, hakumfundisha kuchagua. Na hofu ni mlinzi anayebaki nyumbani mwenyewe akisafiri. Ng'ambo ya maji fimbo haikufika. Rosa alisimama mbele ya uhuru wa Jumamosi kama mtu aliyefungiwa chakula miaka mingi kisha akafunguliwa ghala. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kezilahabi ameiongezea methali hiyo makali, maana katika riwaya yake ulimwengu hufunza mara moja tu, wala hautoi mtihani wa pili. Mwisho wa kitabu baba na binti wapelekwa mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenziwe, na shtaka lililo zito kuliko yote ni la malezi. Riwaya hii ilikatazwa mashuleni kwa muda, kabla ya kukubaliwa na kusomeshwa. Walioikataza walifanya kwa kitabu yale yale aliyoyafanya Zakaria kwa barua.

Kichwamaji, ya mwaka 1974, yamtazama mwanachuo wa kiume, na hapo neno la pili katika shauri hili, yaani kazi, lapata uzito. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi likizo, na jina lake lenyewe latangaza kazi iliyo moto. Walakini msomaji akutana naye akingoja nje ya ofisi ya Manase, rafiki yake wa utotoni aliyekuwa mkubwa serikalini, ili aombe kazi ya likizo. Kijana wa Kitereza angeshika jembe au kasia bila kuomba ruhusa ya mtu. Kazi ya Kazimoto imo mikononi mwa mwenye meza. Kutoka kazi iliyo ya wengine hutoka starehe iliyo ya wengine vile vile: pombe ya mjini, wanawake wa mjini, na ugonjwa ambao hatimaye waingia katika ndoa yake na kumfikia mtoto. Naye Kazimoto ajiua. Kati ya Rosa asiyefundishwa kuchagua na Kazimoto aliyesomeshwa hata akashindwa kuamini cho chote, hapana tofauti kubwa. Wote wawili wana siku za amri na siku za kufunguliwa, wala hawana kitu cha kuziunganisha.

Baada ya hayo yafaa kusikiliza santuri yenyewe, kwa sababu imeshitakiwa bila kuulizwa. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika huchukua dakika chache tu kila upande. Wimbo wa dansi wa Tanzania ulikuwa mrefu kuliko hapo, hivyo mara nyingi ulikatwa sehemu mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno: mwimbaji husimulia, huonya, huomboleza. Upande wa pili ulikuwa wa kuchemka: magitaa hukimbizana, saksofoni huitika, na wachezaji husahau maneno. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, na Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, walitunga juu ya shida za maisha, ndoa, upotevu wa vijana na wema uliosahauliwa. Mzee wa kijiji hakuwa na la kuongeza katika mafundisho yao. Basi muziki unaosemwa kuwa umeharibu wanafunzi ulikuwa ukiwahubiria usiku kucha. Kosa la msikilizaji lilikuwa kuigeuza santuri upesi mno. Aliupenda upande wa pili kabla ya kuumaliza upande wa kwanza. Na ndivyo wanafunzi wengi wasomavyo riwaya: huchukua penzi na kifo, wakaacha hoja.

Liko jambo jingine ambalo riwaya hizi hazikulitazama vya kutosha, na hapa Kezilahabi mwenyewe hana budi kuulizwa. Katika Rosa Mistika dansi ni mahali pa kuanguka kuliko mahali pa kusikiliza. Mpigaji hana uso. Walakini kwa mpigaji Jumamosi usiku ilikuwa siku ya kazi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake waliajiriwa kwa mshahara kama makarani. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi kwa kukosa kiwanda nyumbani. Wimbo uliotungwa Morogoro au Dar es Salaam ulivuka mpaka ndipo urudi kwa mnunuzi. Kila starehe ya mwanachuo ilisimama juu ya jasho la mtu aliyekesha, mtu aliyefanya mazoezi mchana na kupiga usiku. Kama Rosa au Kazimoto angekutana mara moja na mpigaji huyo, akaona vidole vyake, huenda angetambua kwamba karamu haikukatika na kazi. Imefichwa tu isionekane. Mwandishi aliyeona wazi mgawanyo wa juma hakuona kwamba yuko mtu aliyesimama juu ya mpaka wake, gitaa mkononi.

Yamkini mtu atajibu kwamba riwaya haina wajibu wa kueleza kila kitu, na kwamba msiba wa Rosa hauwezi kusimamishwa ili msomaji amtazame mpiga gitaa. Jibu hilo lina haki yake. Kezilahabi aliandika juu ya upofu, na anayeandika juu ya upofu aweza kuacha gizani yale ambayo vipofu wake hawakuyaona. Lakini mhakiki hana ruhusa ya kubaki gizani pamoja nao. Akisema tu kuwa muziki umempoteza kijana, amekuwa Zakaria wa pili, mwenye fimbo na asiye na somo.

Methali ya Waswahili yasema, mcheza kwao hutuzwa. Wengi huitumia kumsifu mtu asiyeiacha desturi ya nyumbani, na kwa maana hiyo ingekuwa lawama kwa kila mwanachuo. Lakini neno zito katika methali hiyo ni kutuzwa. Tuzo hutolewa na watu wamjuao mchezaji: humtia fedha kifuani, humwita kwa jina la baba yake, na wakiona amepotea humshika mkono. Rosa alicheza mahali ambapo wote walimtazama na hapana aliyemjua. Kwao, basi, si kisiwa wala kijiji, bali ni popote ambapo mchezaji anajulikana na anawajibika. Chuo kingeweza kuwa kwao kwa Rosa, kama mkuu wake angekuwa mlezi.

Leo santuri imekwisha kuwa kitu cha wakusanyaji, na mwanachuo hupanda kivuko cha Kisorya akiwa na nyimbo elfu katika simu, zikiingia katika masikio yake peke yake. Mgawanyo wa juma umekuwa mgawanyo wa nafsi: sasa hata kando ya wanaoanika dagaa mtu aweza kuwa dansini na asionekane. Kuzikataza nyimbo hizo ni kazi bure, tena ni kulirudia kosa la zamani. Inayofaa ni kazi ya mwalimu wa fasihi: kumfundisha kijana kusikiliza upande wa kwanza hata mwisho, amjue aliyetunga na aliyepiga, na aulize mwezi mpevu utaangukia siku gani kabla ya kuwaita watu wa kwao katika karamu yake.