Chamba, Mtoto wa Jicho na Konea

Istilahi ya tiba haipimwi kwa uzuri wa sauti yake tu. Hupimwa kwa yale atakayoyatenda mgonjwa baada ya kuisikia. Kwa kipimo hicho, msamiati wetu wa macho una kasoro inayostahili kusahihishwa.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilikieneza Kiswahili bara, na wasafiri wake hawakuepukana na maradhi ya macho. Mwaka 1858 Speke, aliyetoka pamoja na Burton huko Kazeh, penye Tabora ya leo, alifika Ziwa Tanganyika akiwa karibu kipofu. Kwa maradhi ya macho mazungumzo ya kila siku yana neno chamba, yaani utando mweupe juu ya jicho. Wafasiri wengine hulitumia neno hilo hata mahali pa mtoto wa jicho.

Hapo ndipo penye kosa. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, iliyo nyuma ya mboni; konea ni utando angavu wa mbele kabisa. Mpasuaji huiondoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Lakini konea ina tabaka la ndani la chembe zinazotoa maji, nazo zikifa hazizaliwi upya. Zikiumia wakati wa upasuaji, konea hujaa maji, ikavimba na kupoteza uangavu. Mara nyingi hali hiyo hutulia kwa dawa ya matone katika siku au majuma machache. Ikidumu, huenda ikahitajiwa konea ya kupandikizwa.

Sasa tumfikirie mgonjwa wa Sikonge au Urambo aliyekwisha pasuliwa, akaambiwa kwamba jicho lake lina chamba. Atadhani mtoto wa jicho amerudi na upasuaji umekuwa bure. Ataacha matone na kwenda zake. Kumbe lenzi iliyoondolewa hairudi. Tena, jicho linalouma, kuwa jekundu na kupoteza nuru upesi baada ya upasuaji huenda limeambukizwa, na hilo halingoji kesho.

Twapendekeza basi: neno mtoto wa jicho libaki kwa lenzi peke yake, uvimbe wa konea utajwe kwa jina lake, na chamba lihifadhiwe kwa kovu jeupe la konea. Wapo watakaolilaumu neno konea kwa ugeni wake, wakapenda kioo cha jicho. Lakini lenzi nayo ni kioo, na utata ungerudi kwa mlango mwingine. Heri neno geni lenye maana moja, ili mgonjwa ajue kipi kimeondolewa na kipi kingali kinatibiwa.